Nilinyanyua Mkono Nikiwa Siumwi

Kanisani kwetu mwenye ushuhuda husimama, hupewa kipaza sauti, husema. Wangu niliukalia miezi mingi. Wenzangu walikuwa wakishuhudia mtoto aliyepona degedege, au lori lililopinduka mteremkoni dereva akatoka mzima, na mimi wangu ulikuwa wa jino. Nani asimame mbele ya usharika aseme habari za jino? Lakini jino hilo lilinitawala miaka 14, na mwezi wa saba 2023 lilinifikisha mahali pa kulala nimekaa, maana nikilala chali pumzi haikupita vizuri. Na muda wote huo madaktari wa meno walikuwepo. Niliyekosekana ni mimi.

Ninapika chakula Mpemba, kilomita chache kabla ya kufika Tunduma kwa anayetoka Mbeya, pale inapochepuka barabara ya kwenda Isongole. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Foleni ya mpakani ikirefuka hufika mpaka kwetu, na dereva anaweza kulala hapo siku mbili akisogea kidogo kidogo. Wao wakikwama, mimi nauza. Kazi yangu ni kulisha watu, na miaka yote hiyo mwenyewe nilitafunia upande mmoja. Wa kulia tu. Nyama niliichana kwa vidole vipande vidogo kama vya mtoto, samaki wakavu niliwaacha, na ladha ya mahindi ya kuchoma niliisahau, mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye mahindi. Hakuna aliyejua. Hata binti yangu niliyekula naye sahani moja hakujua.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 12. Tulikuwa tunaishi upande wa Ileje, wakati huo tukiwa bado mkoa wa Mbeya, na lami haikuwepo. Jino la chini kushoto liliuma wiki nzima, kisha shavu likavimba kama nimeficha embe mdomoni. Baba akanipakia kwenye baiskeli alfajiri. Tulikofika, aliyetuhudumia alinichoma sindano ya ganzi. Nakumbuka uchungu wa ile dawa ulivyodondokea nyuma ya ulimi. Alipoweka sindano tu akachukua koleo. Nikasema inauma. Akaniambia ameshachoma ganzi, haiwezi kuuma. Nikapiga kelele, akamwambia baba anishike. Baba akakibana kichwa changu kifuani kwake, mtu mwingine akanikalia miguuni. Jino likakatika. Ule mlio niliusikia ndani ya fuvu, na kazi ilikuwa bado haijaisha, kwa sababu mzizi ulibaki, akarudi kuutafuta. Baba alikuwa anasema, "Vumilia mwanangu, vumilia," na shati lake lilinuka jasho na moshi wa kuni.

Baba alifariki 2006. Hatukuwahi kuzungumza habari za siku ile. Simlaumu, alinishika kwa kunipenda, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nadhani naye alikwenda nayo mpaka kaburini.

Mwaka 2009 gego la jirani ya lile lililong'olewa likatoboka. Nikaanza safari wanayoijua watu wengi: karafuu, maji ya chumvi, tumbaku. Dereva mmoja alinishauri nitie tone la maji ya betri ili "mshipa ufe", na namshukuru Mungu sikulitia. Vidonge vya maumivu nilivimeza mpaka tumbo likaanza kuuma kuliko jino. Likitulia nilisema limepona. Halikuwa limepona. Jino lililotoboka likinyamaza, mara nyingi ni kwamba mshipa wake umekufa na uozo unaendelea kushuka kimya kimya kwenye mfupa.

Mara mbili nilijikaza nikaenda kutibiwa. Mara ya kwanza nilikuwa wa tatu kwenye foleni, nikasikia koleo likitua kwenye trei ya chuma. Miguu ilinitoa nje yenyewe. Nilifika stendi ndipo nikagundua nimeacha kadi yangu na mwavuli. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye kiti. Ilipowashwa ile taa nikatapika. Mhudumu mmoja akasema, "Mama mzima umezaa watoto watatu, leo unaogopa sindano?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, nikafuta mdomo, nikarudi nyumbani na jino langu.

Nimelifikiri sana neno lile. Uchungu wa kuzaa naujua. Unakuja ukijua kinachokuja, wanawake wenzako wako pembeni, ukilia hakuna anayekuambia unadanganya. Kwenye kile kiti mdomo wako umejaa mikono ya mtu, huwezi kusema "ngoja", na aliye juu yako ndiye anayeamua kama unaumia au huumii. Mtu akishawahi kuumizwa namna hiyo akiwa mtoto, mwili wake hauhesabu miaka.

Mwezi wa saba 2023 binti yangu, anayesomea uuguzi, alikuja likizo akanikuta nakunywa uji kwa mrija. Akaniambia, "Mama, fungua mdomo." Hakikupita hata kidole kimoja. Akapapasa chini ya taya, akakuta pamekuwa pagumu. Sikuwahi kumwona ana uso ule. Akaniambia uvimbe wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa hivyo, watu wazima wenye nguvu zao, kwa jino. Usiku huo alikaa macho akisikiliza ninavyopumua. Alfajiri tukapanda kosta: Vwawa, Mlowo, Mbalizi, mpaka Mbeya, ile baridi ya Julai ikipenya mpaka kwenye mifupa, na mimi nikiomba gari liharibike njiani. Ndivyo nilivyoomba. Nilikuwa nakaribia kukosa hewa na bado nilikuwa naomba gari liharibike.

Daktari tuliyemkuta alikuwa dada mdogo, angeweza kuwa mtoto wa dada yangu. "Shikamoo mama." Nikaitikia kwa kichwa. Hakunionyesha kile kiti. Alivuta stuli akakaa, yeye akawa chini kuliko mimi, akauliza, "Mama, mara ya mwisho kung'olewa jino ilikuwaje?"

Miaka 30 hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimsimulia kwa tabu, mate yakinitoka, na binti yangu alikuwa anayasikia yote kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza daktari akasema, "Shavu lilikuwa limevimba siku ile?" Nikasema ndiyo. "Alisubiri baada ya sindano?" Nikasema hapana. Akanieleza kwamba mahali penye usaha pana uchachu, na dawa ya ganzi ikiingia kwenye uchachu inapoteza nguvu. Tena ganzi ya taya la chini ina tabia yake: inachomwa nyuma, karibu na mshipa unapoingilia kwenye mfupa, na inataka kusubiriwa dakika kadhaa, wakati mwingine kurudiwa. "Inawezekana ulikuwa unasikia kila kitu, mama. Hukuwa unadeka. Ulikuwa unaumwa, ukasema, hukusikilizwa."

Nililia mpaka nikaona aibu kwa waliokuwa nje. Na kilichonijia akilini si yule aliyening'oa. Ni baba. Nilitamani baba awe hai nimwambie kwamba hata yeye hakukosea, kwamba lilikuwa jambo la usaha na dakika kumi.

Siku hiyo hakung'oa. Mdomo haukufunguka vya kutosha. Alinipa dawa za kuua vijidudu na za maumivu, akamweleza binti yangu dalili za kutokulaza damu: nikishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika, ulimi ukiinuka, tusingoje asubuhi, twende hospitali usiku huohuo. Kisha akasema turudi baada ya siku tano, na akauliza nataka kutibiwaje.

Sikujua kwamba mgonjwa anaweza kuulizwa swali hilo. Nikamwambia ninachokitaka: nilaze kabisa, nusu kaputi, nikiamka jino liwe halipo. Hakunicheka. Akasema inawezekana, hufanyika chumba cha upasuaji, kwa mtaalamu wa usingizi, ukiwa umefunga kula, na huwafaa sana watoto wadogo, watu wenye ulemavu wasioweza kutulia kitini, na upasuaji mkubwa wa taya. Ila nusu kaputi ina hatari zake, haichukuliwi kwa wepesi kwa jino moja. "Na wewe mama una mengine matatu ya kuziba. Nitakulaza mara ngapi?" Kuna gesi, ile wanayoiita gesi ya kucheka, inavutwa kwa pua ikiwa imechanganywa na oksijeni, humtuliza mtu upesi na humtoka upesi ikifungwa. Alisema wao hawana, iko kwenye baadhi ya kliniki za miji mikubwa. Kuna dawa ya kuchoma kwenye mshipa, midazolamu, ambayo humfanya mtu asinzie na pengine asikumbuke kilichopita, lakini lazima awepo mtu aliyefundishwa kuangalia pumzi yake muda wote, oksijeni ikiwa karibu na dawa ya kuizimua ikiwa mkononi. Na kuna kidonge. Dayazepamu, unaimeza saa moja kabla.

Akaniuliza maswali mengi kabla ya kunikubalia: nina mimba? Ninanyonyesha? Pumu? Ini? Nakunywa pombe? Ninakoroma usiku? Natumia dawa gani nyingine? Kisha masharti. Nije na mtu, nirudi na mtu. Nisikaribie moto wala kisu siku hiyo na kesho yake, nisishike pesa za watu, nisisaini chochote. Kwangu maana yake ilikuwa kufunga jiko siku mbili. Nilifunga.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa wa barabarani kwetu. Kidonge kile si cha kununua kwa mtu. Barabara yetu inapitisha kila kitu, na jirani alipojua hofu yangu alikuja na vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti akisema vya Zambia hivi, vikali, meza viwili uende. Dawa ya jamii hiyo ukiichanganya na pombe, au na baadhi ya dawa kali za maumivu, inapunguza pumzi, na mtu aliyelala fofofo hawezi kusema kwamba anakosa hewa. Kiasi chake hupangwa na daktari aliyekupima. Nilimrudishia vidonge vyake.

Na jambo jingine ambalo daktari alilirudia mara mbili: kidonge hakiondoi maumivu. "Kidonge ni cha moyo, ganzi ni ya jino." Halafu akanipa alama. Nikinyanyua mkono wa kushoto, anasimama. Bila kuuliza kwa nini.

Siku ya tano nilikimeza kidonge saa tatu asubuhi nikiwa nimekula uji kidogo. Wakanipima presha, wakanibana kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa kwenye damu. Nilikaa nikisubiri kulala. Sikulala. Baada ya muda niligundua kwamba hofu ipo, lakini imesogea. Ilikuwa kama mtu anayenipigia kelele ng'ambo ya barabara malori yakipita katikati yetu: namwona mdomo unachezacheza, maneno hayanifikii. Mikono ikawa mizito. Binti yangu ananiambia nilikuwa namsimulia namna ya kuunga maharage kwa nazi.

Kitini, daktari alinipaka kwanza dawa ya kuganzisha ngozi ya ndani ya shavu. Kabla ya sindano akasema, "Ndani ya ganzi kuna adrenalini kidogo, ya kuifanya isiondoke mapema. Moyo unaweza kudunda kwa nguvu dakika moja mbili. Ukidunda, ni dawa." Akachoma polepole mno. Na kweli moyo ukaanza kudunda. Ndipo nilipoelewa jambo jingine la siku zile: hata mwaka 1993 moyo wangu huenda ulipigwa na dawa, nami nikadhani ndiyo mauti. Neno moja tu la kuniandaa lingenisaidia.

Kisha akafanya kile kitu ambacho kimenifanya niandike haya. Alivua glavu, akakaa, akasubiri.

Katika kusubiri alinisimulia habari iliyonifariji mpaka leo. Nusu kaputi, hiyo inayotumiwa kwenye upasuaji mwingi duniani, kwa sehemu kubwa ilianzia kwenye jino. Desemba 1844, mji wa Hartford kule Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alihudhuria maonyesho ambapo watu walivutishwa ile gesi ya kucheka, akamwona mmoja amejigonga mguu unatoka damu na hana habari. Kesho yake, tarehe 11, Wells akavuta gesi mwenyewe, akamwambia mwenzake, John Riggs, amng'oe gego. Akang'olewa. Mwanzo wa 1845 akaenda Boston kuwaonyesha wakubwa, mgonjwa akatoa sauti, wakamzomea. Mwaka uliofuata, 16 Oktoba 1846, William Morton, naye wa meno, aliyewahi kushirikiana naye, akafaulu mjini humohumo kwa dawa nyingine, etha. Wells alikufa 1848 akiwa amevunjika moyo. Na lignokaini, ganzi iliyokuwa inaingia kwenye taya langu saa ile, iliundwa Sweden 1943. Nilikaa nikimfikiria yule mtu aliyejitolea jino lake mwenyewe. Kumbe wa kwanza kuuchukulia uchungu wa jino kwa uzito wake walikuwa wao wenyewe wang'oa meno.

Dakika kumi zikapita. Mdomo wa chini ukawa wa mtu mwingine. Daktari akagusa fizi kwa chuma chembamba: hapa? Nikatikisa kichwa. Hapa? Hapo nilisikia ncha. Kidogo tu, na nilitaka kunyamaza, maana nilizoea kuambiwa haiwezi kuuma. Nikaonyesha. Akasema asante, akachoma tena, akasubiri tena.

Alipoanza kulitikisa jino, nilinyanyua mkono nikiwa siumwi. Sikuwa na sababu yoyote. Nilitaka kuona. Na yeye akasimama, akatoa vyuma vyote mdomoni, akarudisha mikono nyuma, akanitazama. Hakuuliza. Nikakaa hivyo mkono uko juu, taa inaniwakia, na hakuna mtu aliyenishika. Sijui ni sekunde ngapi. Nilipoushusha mkono, kitu kilichokuwa kimebana kifuani tangu baiskeli ya baba kiliachia. Kidonge kilinikalisha kwenye kile kiti, nakishukuru. Lakini aliyenifungulia mdomo ni yule dada kwa kusimama.

Jino lilitoka kwa kusukumwa na kuzungushwa; mgandamizo mkubwa, ule mlio wa ndani, uchungu hakuna. Niliomba nilione. Lilikuwa dogo. Mizizi miwili, mmoja una kifuko cha usaha kinaning'inia kama kijidudu, na juu lina shimo linaloweza kuficha punje ya maharage. Nililitazama sana, maana sikuamini kwamba kitu cha ukubwa ule ndicho kilichokuwa kinanipangia chakula.

Mchana huo nililala kwa ndugu Mbalizi mpaka jioni. Septemba nikarudi kuziba la kwanza, kwa kidonge. Oktoba la pili, kwa nusu ya dozi aliyoipanga yeye. Novemba nilipofika nikamwambia, leo nijaribu bila. Nilitetemeka, jasho likanitoka, mkono niliunyanyua mara nne, na mara nne akasimama.

Kwenu mnaotibu, najua foleni zenu ni ndefu na mikono ni michache, na wengi wetu tunafika kwenu tukiwa tumechelewa, tunataka tung'olewe tu twende. Lakini wekeni ile alama ya mkono. Haina gharama. Na anayesema ganzi haijashika, mwaminini mara ya kwanza.

Wiki mbili zilizopita foleni ilifika tena Mpemba. Dereva mmoja, kijana mwenye kifua kipana, aliagiza ugali na nyama, na nilipopita kuokota sahani nikaona nyama yote imebaki, imechanwachanwa vipande vidogo, na ugali kaumega anaulainisha kwenye mchuzi kabla ya kuutia mdomoni. Anautia upande wa kulia. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "la kushoto lina muda gani?"

Akashtuka, akagusa shavu. Akasema miaka mitatu, mama. Akasema alishawahi kwenda mara moja, utotoni. Nikamwambia anisimulie ilivyokuwa, na malori ya mbele yake yakaanza kusogea, akawapungia wenzake wampite.